Funza Afunzaye: Utangulizi wa Elimu ya Nzi Mbuai

Keti, mwanafunzi. Si hapo. Hapo ni tuta la tatu la kunde, na chini ya jani la nne yuko funza ambaye hajamaliza chakula chake tangu alfajiri. Keti kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, funga mdomo, na ukilazimika kupumua, pumulia upande wa barabarani.

Umekuja hapa ukiamini kwamba ulimwengu unashikiliwa na mvutano wa sayari, bei ya mafuta au dua za bibi yako. Sikulaumu, ndivyo ulivyolelewa. Somo hili litakuonyesha kwamba ulimwengu, au angalau ile sehemu yake inayoliwa na ugali, unashikiliwa na kiumbe asiye na miguu, asiye na macho, asiye na kichwa cha kutajika, na ambaye hata akijinyoosha kwa bidii hazidi sana punje ya mchele. Nimemtumikia kwa miaka kumi na tisa hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, katika maabara yenye matuta saba. Matuta sita ni ya kunde. La saba ni la sukuma wiki, nalo nimelitenga kwa ajili ya ulinganishi na chakula cha jioni.

1. Fasili

Andika: Nzi mbuai ni mdudu mwenye jozi moja ya mbawa, ambaye yeye mwenyewe hula maua na mwanawe hula majirani.

Usicheke. Kila neno hapo limepimwa kwa mizani ya dhahabu. Nimesema "jozi moja" kwa sababu nyuki, nyigu na vipepeo wana jozi mbili, ilhali nzi jozi yake ya nyuma ilikwisha kugeuka kuwa virungu viwili vidogo. Virungu hivyo hupigapiga anaporuka na kumjulisha kwamba ameinama upande. Kwa hiyo ukiona kitu cha njano na cheusi kikivuma karibu na sikio lako, hesabu mbawa kwanza, piga kelele baadaye.

Nimesema "maua" kwa maana ya chavua na maji matamu ya maua. Nimesema "majirani" kwa maana ya vidukari, vidung'ata, wadudu magamba, nzi weupe na utitiri, yaani kaya yote inayonyonya mazao yetu bila kulipa ushuru. Na nimesema "mwanawe" nikiwa na uchungu. Katika ukoo huu mzazi na mtoto hawajawahi kukaa meza moja. Mama ni mla maua mpole kama shemasi. Mtoto ni bucha. Mama hutaga yai moja moja katikati ya vidukari, kila yai na kundi lake la nyama, kisha huondoka asirudi tena kuuliza. Huu ndio mfumo wa bweni katika hali yake kamili, na matokeo yake ni mazuri kuliko ya bweni nililosoma mimi.

2. Isimufunza

Hapa wanafunzi wengi huanguka. Mtu wa mtaani akisikia "funza" hufikiria kidole cha mguu kinachowasha, au nyama iliyolala dukani siku mbili bila umeme. Huona aibu. Lakini lugha ina akili kuliko wanaoiongea. Sikiliza: funza. Kufunza. Funzo. Mafunzo. Mwanafunzi!

Wanaisimu wa kawaida watakuambia hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Bahati! Maneno hayagongani kama bodaboda. Nilikesha usiku mmoja na kamusi tatu nikahitimisha kwamba mwanafunzi ni mwana wa funza, na sijaona hoja ya kunitoa hapo, hasa kwa kuwa kamusi zile nimekwisha kuzirudisha. Unaponiita Mwalimu, basi, unakosea nasaba. Mimi ni mjomba tu. Baba yako yuko pale, jani la nne.

Kuna pia methali, kwamba nzi kufa juu ya kidonda si hasara. Ilitungwa na mtu aliyefahamiana na nzi mmoja, na urafiki wenyewe ulikuwa mbaya. Nzi mbuai hafii kidondani. Hufia kwenye bomba la dawa la jirani, jambo tutakalolifikia tukijaliwa.

3. Adui

Huwezi kumwelewa hakimu bila kumjua mshtakiwa. Kidukari, ambaye wakulima wengi humwita mdudu mafuta, ni mfuko wa utomvu wenye miguu sita. Huchomeka mrija wake kwenye mshipa wa mmea, hunyonya mpaka sukari inamzidi, kisha huitoa kwa nyuma ikiwa tone la majimaji matamu. Ndiyo maana majani ya kunde zilizoshambuliwa hunata vidoleni kama kaunta ya mkahawa wa chai. Huyu wa kwetu ni mweusi wa kung'aa mithili ya kiatu cha gwaride, na jina lake la kitabuni ni Aphis craccivora.

Katika nchi za joto hana haja na dume. Jike huzaa majike, wakiwa hai, bila mayai, bila posa, bila mahari, bila vikao vya harusi. Na binti anapozaliwa tayari ana viinitete vya mabinti tumboni mwake. Rudia baada yangu: kidukari huzaliwa mjamzito. Mwanafunzi mmoja niliyemweleza hilo saa mbili usiku aliomba kwenda nyumbani, na sikumwona tena katika fani hii.

Tena mdudu huyu ni tarishi wa magonjwa. Roseti ya karanga, ule ugonjwa unaoufanya mkaranga udumae na kujikunja kama mtu aliyenyimwa ruhusa, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na Zimmermann, katika nchi hii hii, enzi za Wajerumani. Anayeusambaza ni kidukari wa kunde huyu huyu unayemwona. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1947, Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga kule Kongwa, na ulikufa ndani ya miaka michache. Wanahistoria wametaja ukame, matrekta mabovu na udongo unaokauka ukawa saruji. Kidukari sijamwona akitajwa. Sina ushahidi wowote dhidi yake, na kwa hiyo naliacha jambo hilo kama lililo wazi.

4. Aina ya Kwanza: Mtulianga

Hawa ni nzi-maua, ukoo wa Syrphidae. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinafika elfu sita hivi, na si zote zenye watoto wabuai. Kuna wengine watoto wao hukaa katika maji machafu na kupumua kwa mkia mrefu kama bomba. Hao tunawaheshimu kwa mbali. Wa kwetu, anayezurura kwenye kunde barani Afrika bila pasipoti, ni Ischiodon aegyptius, mwembamba, mwenye mikanda ya njano tumboni.

Sifa ya kwanza ya aina hii ni utulianga, yaani uwezo wa kusimama hewani pasipo kushikilia kitu. Utulianga umegawanyika mara tatu. Kuna utulianga wa nia, ambapo nzi husimama mbele ya ua au kundi la vidukari akipima jambo. Kuna utulianga wa hadhi, ambapo dume husimama penye jua, hufukuza kila kipitacho, kisha hurudi mahali pale pale kama mlinzi wa benki. Na kuna utulianga-tu, ambao hauna sababu. Tofauti kati ya utulianga wa hadhi na utulianga-tu haionekani kwa macho, wala kwa lenzi, wala kwa kumwuliza mhusika. Nimeithibitisha kwa miaka minne mfululizo.

Sifa ya pili ni ubininyigu, yaani kughushi nyigu. Mtulianga huvaa mikanda ya njano na nyeusi, akazunguka na sare hiyo mchana kweupe, ilhali hana mwiba, hana sumu, na wala hana hasira. Ni mgambo asiye na rungu. Ndege humwacha. Hata mgeni wangu mmoja, mtu mwenye shahada mbili, alimkimbia akavunja kikombe changu cha chai, na nilipomweleza kwamba alikuwa amekimbia nguo tu, alisema kwamba hata polisi ni nguo. Hoja hiyo bado naitafakari.

Sifa ya tatu ndiyo iliyo karibu na moyo wangu. Shika lenzi. Tazama ubawa, katikati. Unaona mshipa mwembamba unaokwenda kwa urefu wa ubawa? Ufuate. Haujaanza popote, haujafika popote, haukuunganika na mshipa wowote. Wataalamu huuita mshipa wa uongo, na ndio alama kubwa ya kuutambua ukoo mzima. Fikiria uzito wa jambo hili! Nzi hawa hujulikana duniani kote kwa kitu ambacho hakifiki kokote. Mimi nimeubatiza Mshipa Usiofika. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja yenye idara ya namna hiyo, na nakuhakikishia kwamba bila idara ile hakuna mtu ambaye angeitambua ofisi.

Sasa funza mwenyewe. Inama polepole.

Ni wa kijani kibichi kama maji ya mchicha, amechongoka mbele na kunenepa nyuma. Haoni. Kwa hiyo hutumia njia niliyoiita Upapaso: hushika jani kwa sehemu ya nyuma, kisha hurusha mwili wa mbele kushoto na kulia, kama wewe unavyotafuta kiberiti umeme ukikatika. Akigusa kidukari, kwisha. Humnasa kwa vikulabu vya mdomo, na hapo hufuata tendo ambalo vitabu hulipitia kwa mstari mmoja, na mimi nimeliandikia daftari mbili: humnyanyua.

Ndiyo. Humwinua kidukari juu, akamwacha akipiga miguu hewani, na humfyonza akiwa ameinuliwa hivyo mpaka abaki ngozi. Kisha huitupa ngozi na kuanza upya. Kuhusu Mnyanyuo kuna madhehebu mawili. Madhehebu ya Fizikia husema kwamba kidukari akinyanyuliwa hana tena pa kushikilia, hivyo hawezi kujinasua. Madhehebu ya Adabu husema kwamba funza hunyanyua kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tuinue kikombe badala ya kuinamia meza kama ng'ombe. Madhehebu ya kwanza yana wafuasi wengi. Ya pili yana mimi.

Kwa namna hiyo funza mmoja humaliza mamia ya vidukari kabla ya kuwa pupa, katika muda wa wiki moja au mbili, kutegemea joto. Mamia, mwanafunzi! Na sasa nakuuliza swali ambalo mtu mstaarabu haulizi: anakwenda haja wapi?

Haendi. Hapa pana utukufu. Katika kipindi chote cha ulaji funza huyu hubana. Huweka kila kitu ndani, siku baada ya siku, na anapokaribia kuwa pupa ndipo hutoa mzigo wote kwa mara moja, ukawa doa jeusi kama lami juu ya jani. Nimeiita hali hii haja-ahirisho. Wako watakaosema ni usafi wa meza tu, asichafue mahali anapopapasa. Mimi naona humo falsafa nzima ya subira, na niliwahi kuitaja katika mahubiri ya harusi ya mpwa wangu, kabla sijaombwa kukaa. Ukikuta doa hilo kwenye jani la kunde, livulie kofia. Kando yake, mara nyingi, utaona pupa lenyewe limebandikwa kwenye jani, mfano wa tone la maji lililosahau kudondoka.

5. Aina ya Pili: Mng'atagoti

Huyu ni Aphidoletes aphidimyza, kinzi chembamba chenye miguu mirefu, cha milimita mbili hadi tatu, kinachodhaniwa na kila mtu kuwa mbu. Huzurura usiku na kulamba yale majimaji matamu ya vidukari. Yaani mama hunywa soda ya mshtakiwa huku akimpangia hukumu.

Funza wake ni wa rangi ya chungwa, na mbinu yake haina uhusiano wowote na ya Mtulianga. Hanyanyui. Hamkabili mtu ana kwa ana. Humwendea kidukari chini chini, humng'ata kwenye kiungo cha mguu, pale penye goti, humtia sumu ya kupooza, kisha humnyonya kwa utulivu, naye kidukari amesimama vile vile, mrija wake bado uko kwenye mshipa wa mmea, akidhani ganzi ile ni ya kukaa vibaya. Na vidukari wakiwa wengi, funza huyu huua zaidi ya anachokula. Swali la kimaadili linalotokana na hilo nalikabidhi kwa kitivo kingine.

Ulaya wafugaji wake humuuza kwa wenye vitalu vya vioo, naye husafirishwa kama pupa ndani ya chupa. Sisi hapa twaua bure kile ambacho wenzetu hununua.

Lakini kilichoninyima usingizi ni ndoa yake. Vinzi hivi hujining'iniza kwenye utando wa buibui, hasa wakati wa kupandana. Utando wa buibui! Ni kama kufanyia harusi ndani ya kinywa cha mamba na kuwaambia wageni wavae viatu laini. Nimetunza tando kumi na nne kwenye dari ya jiko langu kwa ajili ya uchunguzi huu. Mama watoto ana jina lake kwa utafiti huo, nami silitumii mbele ya wanafunzi.

6. Aina ya Tatu: Kijivufedha

Leucopis. Ni mdogo, ni wa rangi ya majivu, na funza wake hula vidukari, vidung'ata na wadudu magamba. Hana kasoro yoyote. Kwa hiyo hajadiliwi.

7. Aina ya Nne: Binamu

Kaa wima. Aina hii ni ya fedheha. Coenosia attenuata ni wa ukoo mmoja na nzi wa nyumbani, yule yule anayetoka chooni na kutua juu ya wali. Damu ni moja. Lakini Binamu hakufuata njia ya ukoo: hukaa juu ya jani kama mwewe, na mdudu mdogo akipita hewani, nzi mweupe kwa mfano, humrukia, humkamata hewani humo humo na kumtoboa. Asiyeruka humwacha. Funza wake naye hukaa udongoni akila mabuu ya vile vijinzi vyeusi vinavyotafuna mizizi ya miche. Amejulikana sana katika vitalu vya nchi za Bahari ya Kati.

Umeshaiona shida. Mzazi naye anakula nyama. Fasili ya kifungu cha 1, iliyopimwa kwa mizani ya dhahabu, inavunjika. Nilihangaika nayo miezi mitatu. Hatimaye niliihifadhi fasili na kumhesabu nzi kuwa ndiye mwenye kosa. Katika jedwali langu ameandikwa kama mbuai wa muda, mkataba wake utaangaliwa upya.

8. Aina ya Tano: Mpangaji, na dhuluma aliyofanyiwa

Wengine husema Cryptochetum iceryae si mbuai hata kidogo, kwa kuwa funza wake hamfuati windo kwa nje. Huishi ndani yake. Ni mpangaji anayehamia, halipi kodi, kisha hula kuta, paa na mwenye nyumba. Mimi nimempokea katika orodha kwa sababu ya historia yake, na historia yake nitaisimulia hata kama kengele italia.

Mnamo mwaka 1868 mdudu magamba mmoja kutoka Australia, mwenye mfuko mweupe wa mayai mithili ya pamba, aligunduliwa huko California. Ndani ya miaka ishirini alikuwa ameishika michungwa kooni, wakulima wakawa wanaing'oa na kuichoma. Ndipo kule Adelaide mtu aitwaye Frazer Crawford akaona nzi mdogo akitoka ndani ya wadudu hao hao. Nzi, mwanafunzi. Si kitu kingine. Habari zikamfikia Charles Valentine Riley, mkuu wa elimu ya wadudu serikalini Marekani, naye akaamua mtu aende kumchukua nzi huyo. Sheria ya matumizi ilizuia safari za ng'ambo, kwa hiyo nauli ikapitishwa kwenye fungu la maonyesho makubwa ya Melbourne ya mwaka 1888. Ujanja wa posho ya safari, utaona, haukuanzia kwetu.

Agosti 1888 Albert Koebele akapanda meli San Francisco. Akamkusanya nzi, akamtuma nzi, jumla kama elfu kumi na mbili. Na akiwa katika shughuli hiyo akaona pembeni kibibi, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye mabaka meusi, akila magamba. Akamtia naye kwenye vifurushi. Walikuwa 514 tu. Abiria wa kudandia!

Basi kibibi alipofika alikula kwa fujo, mbele za watu, mchana, kwenye miti iliyofunikwa mahema ya kitambaa, na katika mwaka mmoja michungwa ikapona. Wakulima wakampa Koebele saa ya dhahabu, na mkewe hereni za almasi. Kibibi akaingia vitabuni, kwenye mihuri, kwenye nguo za watoto. Na nzi, ambaye nauli ilikatwa kwa jina lake, ambaye hasa upande wa pwani ya California angali kazini mpaka leo? Hakupewa hata mkanda wa saa.

Utasema ni bahati mbaya ya mara moja. Sivyo. Kidung'ata wa mihogo alipoivamia Afrika kupitia Congo katika miaka ya 1970, mkombozi alikuwa nyigu kutoka Paraguay, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nampongeza. Nyigu alistahili. Lakini nyigu tayari ana mwiba, ana kiuno, ana sare ambayo wengine huighushi. Kwa nini apewe na tuzo?

9. Sungusungu, na mafunzo kwa vitendo

Funga daftari. Unawaona wale wanaopanda shina kwa mstari? Ni sungusungu, na jina hilo wanalishika kwa haki, maana kazi yao ni ulinzi shirikishi. Hulamba sukari ya vidukari na kwa malipo hayo huwalinda. Wakimkuta funza, humtoa kwenye jani. Kwa hiyo kila asubuhi mimi hukaa hapa na bua la mtama, nikiwaelekeza sungusungu wapite tuta la pili. Hawaelewi. Lakini utafiti ni kurudia.

Tulia. Kuna mlio. Huo si utulianga, ni mpini wa bomba la mgongoni. Ni kijana wa jirani yangu, muuza mboga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Dawa. Mama kasema wadudu wa kwako wanahamia kwetu, nipige hapa ukingoni, na kwako kidogo."

Mwanafunzi, angalia jinsi mtaalamu anavyoshughulikia dharura. Sikuinuka. Nilimpa lenzi. Nikamwonyesha jani la nne. Nikamweleza Upapaso, Mnaso na Mnyanyuo, nikaanza haja-ahirisho, yeye akanikata.

"Kwa hiyo huyu ni funza."

"Ni funza."

"Na tunataka awepo kwenye mboga."

"Tunamwomba awepo."

"Mteja akimkuta je?"

"Mboga huoshwa, kijana. Dawa yako inayomwua yeye inamwua na mama yake aliye kwenye maua, na wiki ijayo kidukari mmoja uliyemkosa, ambaye tayari ni mjamzito, atakuwa ukoo mzima bila hakimu."

Alikaa kimya. Tazama, ameinama. Hivi sasa funza amegusa mguu wa kidukari. Anarudi nyuma. Ananasa. Ananyanyua. Ile miguu sita midogo inapiga hewa, unaiona? Kijana amelitua bomba chini, amepiga magoti kwenye udongo wangu, jicho kwenye lenzi, na hapumui kabisa. Katika dakika moja amefika pale ambapo wewe hujafika tangu saa moja asubuhi.

"Wee!" Ni sauti ya mama yake toka ng'ambo ya ua. "Umefikia wapi?"

"Bado anakula, mama!"

"Basi akimaliza kula mwambie arudishe ndoo yangu!"

Inuka, mwanafunzi. Taratibu. Ndoo inatakiwa.